Nyumba ya Mtoni na Jamaa Zake: Ukoo, Bustani na Maneno

1. Utangulizi



Huenda baadhi yenu mkashangaa kwamba mtu aliyealikwa kuzungumza hapa Babati, chini ya Mlima Kwaraa na kando ya ziwa lenye viboko, ameamua kuzungumzia nyumba iliyo ufukoni mwa bahari, ng'ambo ya nchi kavu. Nyumba yenyewe ni Jumba la Mtoni, kilomita chache kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, ambalo Seyyid Said bin Sultan alianza kulijenga mnamo mwaka 1828. Sehemu kubwa ya jumba hilo leo ni magofu, na katika miaka ya 2000 zilifanyika juhudi za kuzihifadhi kuta zake zisizidi kuanguka. Mgeni anayelitembelea huonyeshwa ua, mabirika ya kuogea na matao, kisha husimuliwa habari za mfalme na za binti yake aliyekimbilia Ulaya.

Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini hayajakamilika. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba historia ya ukoo wa nyumba haiishii kwa wenye nyumba. Pale ambapo mawe yamenyamaza juu ya watu wengine waliolala, waliopika na waliozaliwa chini ya paa lile lile, lugha ya Kiswahili imehifadhi habari zao katika majina na maneno yake. Aidha, nitajaribu kuonyesha kwamba njia iliyolisha nyumba ile ilipita pia katika nchi hii ya Irangi na Ugorowa, na kwa hiyo habari zake si za watu wa pwani peke yao.

2. Jina la nyumba

Tuanze na jina, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Nyumba hii iliitwa Beit al-Mtoni. Neno la kwanza ni la Kiarabu, lenye maana ya nyumba. Neno la pili ni mto, likiwa na kiambishi tamati -ni cha mahali, kwa sababu kijito kilipita hapo kikamwaga maji yake baharini. Wenyeji walikuwa na jina la mahali pao kabla ya mfalme kuweka jiwe la msingi, na nyumba ilipojengwa ikalazimika kuazima jina la ardhi iliyosimama juu yake. Mwenye mali alileta neno la nyumba. Neno la mahali lilikuwa la wenyeji.

Mfano wa pili unastahili kuzingatiwa zaidi. Binti wa Seyyid Said, Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba alipokuwa na umri wa miaka saba hivi yeye na mama yake walihamia mjini, katika nyumba ya kaka yake Majid, iliyoitwa Bet il Watoro. Msomaji wa Kijerumani aliyekisoma kitabu hicho kilipotoka mwaka 1886 aliliona jina hilo kuwa sauti ngeni tu, akapita. Msomaji wa Kiswahili hawezi kupita. Watoro ni watu waliotoroka, na katika Unguja ya karne ya 19 neno hilo lilimhusu kwanza mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Hivyo nyumba ya mwana wa mfalme ilibeba mlangoni jina la wakimbizi, na binti wa mfalme akaliandika bila kulifasiria. Jina moja limebeba historia ambayo kitabu kizima kimeiruka.

Salme anatueleza pia hali ya lugha katika jumba la Mtoni. Mbele ya baba yake ilitakiwa kisemwe Kiarabu peke yake. Mfalme akigeuza mgongo, kila mtu alirudi kwenye lugha yake: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kinubi, Kihabeshi na Kiswahili. Wakazi wa Babati hawatahitaji maelezo marefu juu ya hali ya namna hiyo. Katika soko la mji huu hukutana Kigorowa na Kiiraqw, ambazo ni lugha za Kikushi; Kimbugwe na Kirangi, ambazo ni za Kibantu; na Kidatoga, ambacho ni cha Kiniloti. Makundi hayo matatu hayana asili moja, na kinachowaunganisha watu wake sokoni ni Kiswahili. Tofauti ni kwamba watu wa Babati walikuja sokoni kwa miguu yao wenyewe. Wengi wa watu wa Mtoni waliletwa.

3. Jamaa wa Mtoni

Salme anakisia kwamba watu walioishi Mtoni walikuwa kama elfu moja. Tukiuliza ni nani kati yao walikuwa jamaa wa mfalme, jibu si jepesi kama linavyodhaniwa.

Mke mkuu alikuwa Bibi Azza bint Seif, aliyetoka katika ukoo wa kifalme wa Oman. Bibi huyo aliogopwa na kuheshimiwa na wote, lakini hakujaliwa mtoto. Watoto wote wa Seyyid Said walizaliwa na masuria. Kwa mujibu wa Salme, baba yake alipofariki mwaka 1856, akiwa safarini baharini kutoka Oman, aliacha masuria 75 na watoto 36 walio hai, wavulana 18 na wasichana 18. Mama yake Salme mwenyewe, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi. Alitekwa angali mtoto mdogo wakati wa vita vilivyowaua wazazi wake, akatenganishwa na kaka yake na dada yake, na hakupata tena habari zao. Binti anasimulia msiba huo kwa maneno machache, kana kwamba mama naye aliuzungumza kwa nadra.

Neno suria limetokana na Kiarabu, na hadhi yake ilifafanuliwa na sheria ya Kiislamu. Suria alikuwa mtumwa wa kike ambaye bwana wake alikuwa na haki ya kulala naye. Akimzalia bwana wake mtoto, mtoto huyo alikuwa huru, akawa na haki ya kurithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Mama mwenyewe hakuweza kuuzwa tena, na bwana akifa aliwa huru. Kwa hiyo utumwa ulikuwa ndani ya ukoo wenyewe. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, waliotawala Unguja mmoja baada ya mwingine tangu mwaka 1856 hadi 1893, wote walikuwa wana wa masuria. Mtu asiyetaka kuutaja utumwa katika historia ya ukoo huu hana budi kuufuta ukoo mzima.

Chini ya masuria walikuwapo watu ambao kumbukumbu za Salme zinawataja kwa kazi zao kuliko kwa majina yao: wayaya, wapishi, wachota maji, wapiga makasia, matowashi walinda milango, na vijakazi waliowakanda mabibi miguu hadi usingizi uwachukue. Hawa ndio waliokuwa wengi kati ya wale elfu moja.

4. Bustani na mashamba

Maelezo ya bustani ya Mtoni ni miongoni mwa sehemu zinazopendeza mno katika kumbukumbu hizo. Katika ua mkubwa walitembea tausi, paa, mbuni na korongo wekundu. Mwisho wa ua palikuwa na safu ya nyumba za kuogea, na mbele yake ilisimama michungwa mirefu ambayo watoto waliipanda ili kujificha wasionwe na mwalimu wao mkali. Upande wa bahari palikuwa na jukwaa la mbao la mviringo, ambapo Seyyid Said alizoea kutembea kwenda na kurudi, akichechemea kwa sababu ya risasi iliyobaki pajani tangu vita vya ujanani, huku akizitazama meli zake.

Hata hivyo, tukitazama bustani bila kutazama shamba, tutakuwa tumetazama ua bila mzizi. Mahali hapo pa Mtoni palikuwa kwanza mali ya Saleh bin Haramil al-Abri, mfanyabiashara anayetajwa katika historia kuwa mmoja wa watu wa mwanzo kuleta mikarafuu Unguja, mnamo miaka ya 1810. Seyyid Said alimnyang'anya mali zake, yakiwamo mashamba yaliyokwisha kupandwa mikarafuu. Kisha akahimiza karafuu zipandwe kisiwa kizima, na yeye mwenyewe akawa na mashamba 45.

Karafuu si zao linalongojea. Vikonyo havina budi kuchumwa kabla ya maua kufunguka, kimoja kimoja kwa mkono, kisha hutenganishwa na kuanikwa juani. Mti mmoja haukomai wote kwa siku moja, kwa hiyo mchumaji huurudia mara kadhaa katika msimu. Kazi hiyo ilihitaji mikono mingi kwa wakati mmoja, na mikono hiyo ilinunuliwa sokoni. Wengi wa watumwa wa mashamba ya Unguja na Pemba waliletwa kutoka nchi za kusini, upande wa Ziwa Nyasa na mto Ruvuma, kwa njia ya Kilwa. Katika miaka ya 1840 karafuu zilizidi sokoni na bei ikaanguka, lakini waliokwisha kuletwa hawakurudishwa kwao.

Bustani na shamba, basi, vilikuwa ni kitu kimoja chenye nyuso mbili. Mfano ulio wazi ni ule wa Kidichi. Huko, juu ya kilima katikati ya mikarafuu, Seyyid Said alijenga mwaka 1850 nyumba ya kuogea kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shaha wa Uajemi. Nyumba hiyo bado imesimama, na chokaa ya kuta zake imenakshiwa maua na ndege. Aliyeoga humo aliisikia harufu ya karafuu zilizoanikwa, na harufu hiyo ilikuwa harufu ya kazi ya watu wengine.

5. Pembe, merikani na njia ya Irangi

Sasa niombe ruhusa nirudi nyumbani, yaani bara. Utajiri wa Mtoni haukutoka kwenye karafuu peke yake. Mapato makubwa ya Seyyid Said yalikuwa ushuru wa forodha ya Unguja, ambao ukusanyaji wake ulikodishwa kwa kampuni ya Kihindi ya Jairam Shivji. Na kilichopita forodhani hapo kwa thamani kubwa kilikuwa pembe za ndovu kutoka bara.

Njia mojawapo ya misafara ilitoka pwani ya Pangani ikapanda nyika, ikafika Irangi, ambako Kondoa ikawa kituo cha Waswahili waliokuja kutafuta pembe. Kutoka Kondoa hadi hapa tulipo si mbali, na barabara kuu ya kaskazini bado inaiunganisha miji hii miwili. Nchi ya Wagorowa, ambayo wageni wa wakati ule waliiita Ufiomi, ilikuwa jirani ya njia hiyo. Hivyo Kiswahili kilianza kusikika pande hizi kikiwa lugha ya mtu mwenye mzigo, kabla hakijawa lugha ya serikali na ya shule.

Mzigo huo ulikuwa nini? Kwa sehemu kubwa ulikuwa nguo, na nguo iliyopendwa kuliko zote iliitwa merikani. Ni neno ambalo wazee wengi bado wanalo, likiwa na maana ya kitambaa cheupe cha pamba kisichotiwa rangi. Jina hilo ni cheti cha kuzaliwa. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, alianza kazi ya ubalozi mdogo wa nchi hiyo Unguja. Meli za Salem zilileta nguo zilizofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Pamba iliyofumwa humo ilitoka majimbo ya kusini ya Marekani, ambako ilichumwa na watumwa weusi katika mashamba yaliyozizunguka nyumba kubwa zenye nguzo nyeupe na bustani za waridi.

Tuufuate mzigo huu hatua kwa hatua. Pamba ilichumwa na mtumwa huko Marekani ya kusini, ikafumwa kaskazini, ikavuka bahari mbili hadi Unguja, ikabebwa na hamali hadi Irangi, ikabadilishwa na pembe. Pembe ikarudi pwani, ikalipiwa ushuru uliolijenga jumba la Mtoni, kisha ikapakiwa melini. Sehemu kubwa yake ilikwenda jimbo la Connecticut, ambako ilikatwa vipande vya kufunika vibao vya piano. Na piano ilipigwa sebuleni, pengine katika nyumba ile ile yenye nguzo nyeupe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, pamba iliadimika, merikani ikapanda bei na kupungua Unguja, na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikachukua nafasi yake. Vita hivyo vilikwisha mwaka 1865; nguo ilipoteza soko lake, lakini jina halikupotea.

Kwa hiyo anayesema kwamba nyumba za kale za mabwana wa Marekani na jumba la Mtoni ni habari mbili zisizohusiana, na kwamba zote mbili hazituhusu watu wa bara, ajaribu kwanza kuueleza uzi wa merikani.

6. Aliyeandika na wasioandika

Tunayajua mengi ya ndani ya Mtoni kwa sababu ya mwandishi mmoja. Salme hakufundishwa kuandika, kwa kuwa wasichana wa ukoo wake walifundishwa kusoma tu. Alijifunza kwa siri, kwa kuzinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, kama ilivyokuwa desturi ya wanafunzi wa wakati ule. Ujuzi huo ulibadili maisha yake. Mwaka 1859, Barghash alipomwasi kaka yake Majid, Salme aliyekuwa na umri wa miaka 15 aliwaandikia waasi barua zao. Uasi ulishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na dada mwandishi akabaki akiwa na uadui wa jamaa pande zote.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri, akiwa mjamzito wa mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka 1867 alibatizwa mjini Aden kwa jina la Emily, wakaoana na kuhamia Hamburg. Mume alikufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akamwacha na watoto watatu wadogo. Alirudi kuiona Unguja mwaka 1885 na 1888, lakini hakurudishiwa urithi wake. Alifariki Jena mwaka 1924.

Hatuna budi kumshukuru kwa aliyotuachia. Lakini msomaji makini hawezi kuificha sura ile ya kitabu chake inayozungumzia utumwa, ambamo Salme anautetea. Anadai kwamba watumwa wa nyumba za Waarabu walitendewa wema, na kwamba Wazungu hawana haki ya kuhukumu. Maneno hayo yameandikwa na mtu ambaye mama yake alitekwa utotoni. Binafsi sioni kwamba tuyasome ili kumlaani wala ili kumtakasa. Yanatufundisha kwamba mtu anaweza kuzaliwa na aliyetekwa, akampenda mno, akamlilia, na bado akaitazama nyumba kutoka juu ya ngazi. Mapenzi ya jamaa hayakutosha kumwonyesha yaliyokuwa chini.

Kwa upande wa Kiswahili tuna ushahidi wa aina nyingine. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Humo tunaisikia sauti ya mwenye msafara, anayehesabu pembe kwa ustadi kuliko anavyowahesabu watu. Naye Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika juu ya desturi za Waswahili katika kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Anaueleza utumwa kama mtu anayeijua mitaa: anatofautisha aliyezaliwa pwani na yule aliyewasili karibuni kutoka bara, na namna kila mmoja alivyopaswa kuvaa, kusalimu na kukaa mbele ya waungwana. Mwandishi huyo mwenyewe aliitwa Mtoro, jina ambalo sisi tumekwisha kulikuta juu ya mlango wa nyumba ya Majid.

7. Kuhifadhi nyumba, kuhifadhi maneno

Nimefika kwenye hoja inayonisumbua zaidi. Wapo wenzetu, tena wenye nia njema, wanaoona kwamba maneno kama mtumwa, mjakazi, mzalia na suria yanaumiza, na kwamba yafaa yaachwe yafe. Wanasema nyumba za kale zihifadhiwe kwa uzuri wake, na aibu izikwe. Naiheshimu huruma yao, kwa sababu maneno hayo yametumika kuwatukana watu wasio na hatia, na ziko familia ambazo hadi leo huinamisha vichwa yakitajwa. Lakini nadhani dawa hiyo inamwokoa aliyetenda kuliko aliyetendwa.

Tuyatazame maneno yenyewe. Mtumwa ni mtu anayetumwa. Kitenzi kiko katika hali ya kutendwa, na kwa hiyo neno lenyewe linauliza: anatumwa na nani? Mjakazi hudhaniwa na wengi kuwa ni mtu aliyekuja kwa ajili ya kazi. Lakini -kazi hiyo ni kiambishi cha kale cha Kibantu kinachoonyesha jinsia ya kike, kama kinavyosalia katika mkazamwana, yaani mke wa mwana. Mjakazi ni mja wa kike, basi; aliyeisahau sarufi amemgeuza mwanamke kuwa kazi. Mzalia ni aliyezaliwa papo hapo, neno linalokiri kwamba wazazi wake walitoka kwingine. Kila neno hapa ni hati ya ushahidi. Tukiyachoma, tutabaki na kuta na tausi.

Sheria nayo inathibitisha jambo hilo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 chini ya Barghash. Mwaka 1897 amri ya kuiondoa hadhi ya kisheria ya utumwa ilitolewa, lakini masuria hawakuhesabiwa pamoja na wengine. Walingoja hadi amri ya mwaka 1909. Tanganyika ilingoja hadi 1922. Asiyejua tofauti ya suria na mjakazi hawezi kuelewa kwa nini wanawake waliokuwa karibu mno na kitanda cha bwana ndio waliokuwa wa mwisho kuufikia uhuru.

Wenzetu wa Marekani wamelipitia swali hili. Katika nyumba ya Monticello huko Virginia, iliyokuwa ya Rais Thomas Jefferson, wageni walionyeshwa kwa miaka mingi bustani, vitabu na saa za ajabu za mwenye nyumba. Habari ya Sally Hemings, mtumwa aliyekuwa dada wa baba mmoja wa marehemu mke wa Jefferson, iliachwa kwa wazao wake waliokuwa wakiihadithia majumbani. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 1998 uliunga mkono masimulizi hayo, mwaka 2000 wasimamizi wa nyumba wakakubali kwamba yamkini Jefferson alizaa naye, na mwaka 2018 wakafungua maonyesho juu ya maisha yake. Kisheria kulikuwa na tofauti kubwa: Virginia mtoto alifuata hadhi ya mama, akawa mtumwa wa baba yake mwenyewe, Unguja alifuata hadhi ya baba, akaweza kuwa sultani. Lakini jambo moja linalingana. Monticello haikubomoka kwa sababu Sally Hemings ametajwa. Imepata wageni wanaoiona nyumba nzima.

Unguja imepiga hatua pia. Jumba la kifalme la mjini lilifanywa makumbusho mwaka 1994, na Salme akapewa chumba chake. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Linalobaki ni kumpa Jilfidan nafasi yake, si akiwa mama wa binti wa mfalme tu, bali akiwa mtoto aliyetekwa. Na pamoja naye wale waliotajwa kwa kazi zao.

8. Hitimisho

Tunayo methali isemayo: mwacha asili ni mtumwa. Tumeizoea, na tunawaonya nayo vijana. Lakini baada ya kuitazama nyumba ya Mtoni, naona tuitumie kwa uangalifu. Jilfidan hakuiacha asili yake. Wachumaji wa karafuu waliotoka Nyasa hawakuziacha asili zao. Walinyang'anywa. Aliyeiacha asili kwa hiari yake ni yule aliyerithi nyumba akachagua kukumbuka ngazi za juu peke yake.

Kwenu ninyi wanafunzi wa Babati nina ombi moja. Wazee wa Kigorowa, Kiiraqw na Kirangi walijenga tembe, nyumba za miti na udongo zenye paa bapa. Tembe isipokarabatiwa hurudi udongoni baada ya misimu michache ya mvua, na hapatakuwa na gofu la kuonyesha watalii. Kinachoweza kubaki ni maneno: jina la kila chumba, la kila nguzo, la mahali pa ndama na mahali pa mgeni, jina la nguo iliyoletwa na msafara, na jina aliloitwa yule aliyeileta. Nendeni mkayaandike wangali hai wanaoyajua, kwa lugha zao na kwa Kiswahili. Ulizeni pia nani alilala wapi, na nani hakuwa na pa kulala.

Seyyid Said alijenga kwa matumbawe na chokaa ili nyumba yake isisahauliwe, na kuta nyingi zimeanguka. Jina la kijito lipo hadi leo, kama walivyoliita wenyeji waliokuwapo kabla yake.